Mfuko wa Shule Ni Amana

Wasomaji wetu wa Visiwani huenda wakauliza Litapunga ni wapi, na ina nini cha kuwaambia. Litapunga ni kata iliyomo katika Halmashauri ya Wilaya ya Nsimbo, Mkoa wa Katavi, katika nchi ambayo wazee hadi leo huiita Mpanda tu, kwa kuwa kabla ya mkoa huo kuzaliwa mwaka 2012 sehemu zote hizo zilikuwa Wilaya ya Mpanda katika Mkoa wa Rukwa. Tawi la reli litokalo Kaliua linaishia hapo Mpanda. Halmashauri hiyohiyo ya Nsimbo ndiyo yenye Katumba, makazi ya ndugu waliokimbia Burundi mwaka 1972, ambao wengi wao walikabidhiwa uraia wa Tanzania mwaka 2014. Watu wa sehemu hizi hulima mahindi, mpunga na tumbaku, na hurina asali. Fedha za maana huwafikia mara moja kwa mwaka, mazao yanapouzwa, na kwa mkulima wa tumbaku mara nyingine huchelewa hata baada ya mnada kufungwa. Mchuma karafuu wa Pemba anaijua hali hiyo bila kuelezwa.

Tumeichagua Litapunga kwa sababu tunataka kuzungumza na wale wanaoendesha, au wanaokusudia kuanzisha, shule zisizo za Serikali katika mahali pa namna hiyo. Mahali ambapo hapana matajiri wa kuitwa ukumbini, wala kampuni kubwa ya kuandikiwa barua. Mijini shule ya binafsi inaweza kuishi kwa ada za watumishi wenye mishahara ya kila mwezi. Vijijini haiwezi. Na hapo ndipo wenye shule wengi huanza na swali la fedha zitatoka wapi. Kwa maoni yetu swali hilo huulizwa mapema mno. Kabla yake liko jingine: ni nani atakayezishika fedha hizo, na ni nani mwenye haki ya kumwuliza amezifanyia nini.

Haya si mambo mageni katika nchi yetu. Chama cha Wazazi, TAPA, kilichoundwa mwaka 1955 wakati wa kudai Uhuru, kilifungua madarasa mengi katika sehemu ambazo serikali ya kikoloni na misheni hazikuzijali. Na mrithi wake, Jumuiya ya Wazazi, alijenga shule nyingi za sekondari baada ya CCM kuzaliwa mwaka 1977. Kule Kilimanjaro ushuru wa kahawa uliopitia vyama vya ushirika ulisomesha watoto wengi. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 shule za sekondari zisizo za Serikali huku Bara zilikuwa zimezidi zile za Serikali kwa idadi, hali iliyogeuka pale shule za kata zilipojengwa kwa wingi kuanzia miaka ya 2004 hadi 2006. Visiwani historia ni nyingine: elimu ilitangazwa kuwa bure tarehe 23 Septemba 1964, skuli zikawa za Serikali, na skuli za binafsi zilirudi kwa nguvu katika miaka ya 1990 tu.

Twayataja haya kwa fahari, na pia kwa tahadhari. Sisi tulio katika Chama twajua kwamba si shule zote za Wazazi zilizodumu katika hali nzuri. Majengo yalisimama kwa nguvu za wananchi. Baadaye paa zikaanza kuvuja, madeni ya walimu yakalimbikizana, na aliyekuwa akitoa tofali kwa furaha akaacha hata kuuliza habari za shule. Kilichokauka hapo kwanza ni imani. Fedha zilifuata.

Leo mambo yamekuwa magumu zaidi. Tangu Januari 2016 elimu katika shule za Serikali huku Bara ni bila ada hadi kidato cha nne, na tangu Julai 2022 hadi kidato cha sita. Hii ni hatua kubwa ambayo kila mpenda maendeleo aliifurahia. Lakini mwenye shule ya binafsi kijijini ajue kwamba mzazi aliye mbele yake anayo njia nyingine, karibu na nyumbani, isiyomdai ada. Mzazi huyo hulipa kwa kuwa anaamini. Siku atakapoona ada yake imenunua pikipiki ya mkurugenzi, atamhamisha mtoto bila kuaga.

Tuanze basi na uongozi. Taratibu za usajili huku Bara, chini ya Sheria ya Elimu Na. 25 ya mwaka 1978 na marekebisho yake ya mwaka 1995, zinamtambua mwenye shule, na zinamtambua meneja wa shule, na wote wawili hapana budi wathibitishwe kabla ya shule kusajiliwa. Wengi huona ni karatasi za kujazwa tu. Mume huandikwa mwenye shule, mke meneja, shemeji mtunza fedha, na mwalimu mkuu hubaki kama mgeni asiyejua hata akaunti ya shule iko benki gani. Sisi hatusemi kwamba ndugu wasifanye kazi pamoja. Shule nyingi nzuri zilianza mezani pa familia. Tunasema kwamba mkono unaopokea usiwe ndio unaotoa, wala usiwe ndio unaoandika. Mhasibu apokee na kukata stakabadhi. Mwalimu mkuu aombe matumizi kwa maandishi. Bodi, ama Kamati ya Shule kwa shule ya msingi, iidhinishe. Benki iwe na saini mbili, na mmoja wa watia saini asiwe wa nyumba ya mwenye shule. Tuliosoma chuoni kwa mwalimu tunakumbuka kwamba aya ndefu kuliko zote katika Kurani Tukufu inahusu kuandika madeni na kuweka mashahidi. Jambo lililopewa nafasi hiyo si la kudharauliwa na mtu mwenye daftari la shilingi elfu mbili.

Na bodi yenyewe iwe bodi. Mara nyingi huchaguliwa watu kwa vyeo vyao: diwani, mfanyabiashara, kiongozi wa dini, mstaafu mmoja. Hukutana mara moja kwa mwaka, hula pilau, hutia saini muhtasari. Katika kijiji kama Litapunga tungependa kumwona humo mama anayeuza sokoni na anayejua bei ya maharage kuliko mweka hazina, na mkulima mwenye watoto watatu shuleni ambaye hana haya ya kuuliza. Wajumbe wa namna hiyo huwapunguzia usingizi wakurugenzi. Ndivyo inavyopasa.

Sasa tuje kwenye ada, maana huo ndio mfuko wa kwanza wa shule, na ndio unaoharibiwa na kalenda. Tuchukue mfano wa hesabu. Shule ina watoto 200, na ada ni shilingi 600,000 kwa mwaka. Jumla kwenye karatasi ni milioni 120. Walimu na watumishi wote kwa pamoja wanalipwa milioni 6 kwa mwezi, yaani milioni 72 kwa mwaka. Mwenye shule anagawa ada katika mafungu manne yaliyo sawa na kudai la kwanza Januari. Lakini Januari mkulima yumo shambani, ametoa alichonacho kununua mbolea, na ghala lake linapungua. Hana. Watoto wanarudishwa nyumbani. Wiki mbili, tatu. Baadhi hawarejei tena. Shule iliyotaka 150,000 za Januari imepoteza 600,000 za mwaka mzima.

Mwenye busara angefuata msimu. Adai 100,000 Januari, 100,000 Aprili, na 400,000 ifikapo Agosti baada ya mavuno kuuzwa. Kwa mpango huu, kutoka Januari hadi Julai shule inapokea milioni 40, na mishahara ya miezi hiyo saba ni milioni 42. Pengo ni la milioni 2, kabla hatujahesabu chaki, uji wa watoto na matengenezo. Ni pengo la kweli, lakini linazibika kwa akiba iliyowekwa mwaka uliotangulia. Mwezi wa Agosti zinapoingia milioni 80, mishahara ya miezi mitano iliyobaki itachukua 30. Katika 50 zinazosalia, milioni 18 zifungiwe katika akaunti ya pembeni: ni mishahara ya miezi mitatu ya mwaka unaofuata. Hapo ndipo uongozi unapopimwa, kwa sababu Agosti ndio mwezi ambao kila mwenye shule huona gari zuri. Visiwani mafungu haya yataangukia msimu wa karafuu, na kwa watoto wa wavuvi huenda yakawa madogo madogo kufuata bamvua. Kanuni ni ileile.

Kadhalika shule ikubali mazao. Gunia la mahindi linalopokewa Julai kwa bei ya siku hiyo ni uji wa watoto Februari. Lakini bei iandikwe ubaoni, na mzani uwe ule ambao mzazi ameukubali. Wakulima wetu wameumizwa na mizani mingi, na hawana sababu ya kuuamini wa shule kwa kuwa tu una picha ya kitabu ukutani. Wapo pia wanaopendekeza ada ikatwe moja kwa moja kwenye malipo ya tumbaku kupitia chama cha msingi cha ushirika. Njia hiyo ni nyepesi, na kwa hiyo ni ya hatari. Ifanyike tu kwa mzazi aliyetia saini mwenyewe, kwa kiasi alichokitaja mwenyewe, na awe na ruhusa ya kujitoa. Makato ambayo mkulima anayakuta kwenye karatasi bila kuulizwa yataichukiza shule na ushirika kwa pamoja.

Kuhusu walimu tutasema machache ingawa yanauma. Mwalimu wa shule ya binafsi kijijini huondoka mara ajira za Serikali zinapotangazwa, na wenye shule hulalamika juu ya uaminifu. Hebu wajiulize kama michango yake ya hifadhi ya jamii imepelekwa. Huku Bara mchango wa NSSF ni asilimia 20 ya mshahara, na mwajiri haruhusiwi kumkata mfanyakazi zaidi ya nusu ya hiyo. Zanzibar uko mfuko wa ZSSF wenye viwango vyake. Kumkata mwalimu kila mwezi na kutopeleka ni kula amana ya mtu, kwa lugha yoyote utakayoisema. Mwalimu aliyegundua hivyo atawaambia wazazi, na hakuna barua ya kuomba msaada itakayofuta maneno yake.

Baada ya haya yote kukaa sawa, ndipo ifike zamu ya michango. Jirani zetu wa Kenya wanayo mengi ya kutufundisha hapa. Mzee Jomo Kenyatta alilitangaza neno harambee kuwa mwito wa taifa mwaka 1963, na kabla ya miaka kumi kupita shule za sekondari za harambee zilikuwa zimezizidi za Serikali kwa idadi. Ilikuwa kazi ya kusifiwa. Hata hivyo nyingi kati ya shule hizo zilikuwa na madarasa lakini hazikuwa na walimu waliofunzwa wala maabara, kwa sababu watu huchanga kwa furaha kujenga ukuta unaoonekana, ilhali hakuna anayepiga makofi kwa mshahara wa mwalimu wa hesabu wa mwezi wa Machi. Kwa hiyo ushauri wetu ni kwamba uendeshaji ubebwe na ada, na michango iende kwenye kitu kimoja chenye mwanzo na mwisho: kisima, bweni la wasichana, madawati, mfumo wa umeme wa jua.

Na kitu hicho kitajwe kwa vipimo ambavyo mtu anaweza kuviona kichwani. Usiwaambie watu kwamba shule inahitaji milioni 30 kwa ajili ya bweni. Waambie bweni linahitaji bati ngapi, saruji mifuko mingapi, milango mingapi, na kila kimoja bei yake dukani Mpanda. Mwenye uwezo wa bati moja atatoa bati moja, na paa likiezekwa atalitafuta la kwake kwa macho. Ndugu waliotoka kijijini na kufanikiwa Dar es Salaam au Unguja hutoa kwa moyo wakiletewa orodha ya namna hiyo. Wakiletewa kadi yenye maua na neno mchango, huitia mfukoni. Haba na haba hujaza kibaba, nasi twaongeza kwamba kibaba chenyewe kisiwe na tundu: ndani ya siku 30 baada ya harambee hesabu isomwe, msikitini baada ya Ijumaa, kanisani Jumapili, na katika mkutano wa kijiji. Isomwe na mapato, na matumizi, na kilichobaki, hata ikiwa kilichobaki ni shilingi 4,000.

Ndugu zetu wa Visiwani wanao mfano wao ambao tungependa uigwe huku Bara. Baada ya viongozi wa Kiislamu wa Mombasa kumwomba Aga Khan msaada katika elimu ya watoto wao, ulianza mwaka 1986 mpango wa skuli za awali za madrasa, Bi Swafiya Said akiwa mkufunzi wake wa kwanza; ukafika Zanzibar mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993. Mpango huo haukumjengea mtu skuli na kumkabidhi ufunguo. Wanakijiji ndio walioomba. Walitoa chumba, wakaunda kamati yao ya wanaume na wanawake, wakachagua mabinti wa palepale wafundishwe ualimu, wakaandikiana mkataba. Kwa muda wa takribani miaka miwili walifundishwa kulea watoto, na kamati ikafundishwa kutunza daftari. Skuli iliyofikia kiwango ilihitimu, na hapo ndipo ulipokuja mfuko wa kudumu: fedha walizochanga wanakijiji ziliongezewa na Wakfu wa Aga Khan, zikawekezwa pamoja na za skuli nyingine, na mapato yake yakaenda kusaidia mishahara ya walimu. Mapato hayo yalikuwa nyongeza, hayakuubeba mzigo wote. Lakini tazameni mpangilio wake. Kamati ilifundishwa kwanza, fedha zikaja baadaye.

Mfuko wa kudumu kwa mtu wa pwani si neno geni; ni wakfu. Minazi ya babu imewasomesha wengi ambao hawakumjua babu huyo, na Zanzibar inayo Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana kwa ajili ya kuyatunza mambo hayo. Huku Katavi minazi haipo, lakini ardhi ipo, na mizinga ya nyuki ipo, na wapo wazee ambao wangetoa eka tano kwa shule kama wangejua zitabaki za shule. Hapo panatakiwa hadhari kubwa kuliko yote tuliyoyataja. Ardhi ya shule isiwe kwa jina la mwanzilishi. Shule iwe na bodi ya wadhamini iliyosajiliwa kwa mujibu wa sheria, RITA huku Bara, na ardhi ya kijiji ipatiwe hati ya hakimiliki ya kimila kwa jina hilo chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Mwanzilishi akifa bila kufanya hivyo, warithi watakuwa na haki ya kudai eneo lile, darasa, bweni, na bati aliloezeka jirani kwa nia ya sadaka yenye kuendelea. Watoto 200 watakuwa wamekaa juu ya mirathi ya watu. Mwenye shule anayesoma haya na ambaye hati yake imeandikwa jina lake peke yake asingoje mwaka mpya.

Neno letu la mwisho ni kwa waheshimiwa viongozi na maafisa wa Serikali, maana hakuna harambee isiyo na mgeni rasmi. Mgeni rasmi husimama, hutaja kiasi, watu hushangilia, na mwandishi wa kamati huandika neno ahadi. Mwaka ukiisha ahadi hizo ndizo zilizojaa daftarini, na fundi anadai. Kenya walifika mahali ambapo sheria ya maadili ya watumishi wa umma ya mwaka 2003 ilibidi iwawekee mipaka watumishi hao katika kuendesha michango. Sisi tungependa kuanza na jambo dogo zaidi. Kamati iandike orodha mbili, ya waliotoa na ya walioahidi, na zote mbili zibandikwe mlangoni pa ofisi ya mwalimu mkuu. Jina la mgeni rasmi liwe la kwanza katika orodha ambayo matendo yake yamemweka, na lihamishwe siku atakapolipa.